Chuma Kinachojua Kuachia

Mtu akitaka kutengeneza sumaku ya umeme huchukua sumaku ya spika mbovu, akaigusisha kwenye kipande cha chuma, na kikinasa huona amekwisha kupata kiini cha kuzungushia waya. Jaribio hilo linatenga chuma na shaba au alumini, basi. Msumari wa zege unanasa. Springi ya gari inanasa. Keekee ya kutobolea chuma inanasa vizuri kabisa. Vyote vitatu ni viini vibaya, na ubaya wake huuoni unapowasha umeme. Unauona unapozima, pini zikabaki zinaning'inia.

Sumaku ya umeme inaizidi sumaku ya kudumu kwa jambo moja kubwa: inatii swichi. William Sturgeon, Mwingereza aliyepitia ufundi viatu na jeshi kabla ya kuingia kwenye mambo ya umeme, mwaka 1825 alionyesha kipande cha chuma laini alichokipinda umbo la U, chenye uzito wa gramu 200 hivi, kikinyanyua kilo 4. Siku hizi sumaku ndogo ya ndani ya diski ya kompyuta hufanya makubwa kuliko hayo. Jipya lilikuwa kwamba alipokata mkondo, mzigo ulidondoka. Kwa hiyo unapochagua kiini usianze kuuliza kipi kinavuta zaidi. Uliza kipi kinaachia, kisha uliza njia ya usumaku itafungwa vipi. Ukishayajibu hayo mawili, jina la chuma lenyewe lina uzito mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Ndani ya chuma kuna maeneo madogo madogo ambayo kila moja tayari ni sumaku, ila yameelekea huku na huku, hivyo yanafutana. Mkondo ukipita kwenye koili, maeneo hayo yanageukia upande mmoja. Katika chuma laini mipaka yake inasogea bila shida, na mkondo ukikatika inarudi karibu na ilikokuwa. Kaboni inakijaza chuma vikwazo, na kukichovya kwenye maji kikiwa chekundu kunaongeza vikwazo hivyo. Mipaka ikishasogezwa inakwama hapo hapo. Ili kufuta usumaku uliobaki kwenye chuma laini kilichopozwa polepole, unatosha uga wa usumaku usiofika ampia 100 kwa mita. Kwa feleji ngumu ya kaboni utahitaji maelfu. Ndiyo sababu kanuni ya haraka dukani ni hii: chuma kinachofaa kuwa patasi hakifai kuwa kiini.

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, msumari wa kawaida wa mbao, wa inchi nne au tano, ni chuma chenye kaboni kidogo, na kwa mwanafunzi anayetaka kuona tu jinsi mambo yanavyokwenda unatosha. Msumari wa zege uache. Umetengenezwa kuwa mgumu makusudi. Bolti zisome kichwani: zenye alama ya 4.6 au 4.8 ni za chuma laini, zenye 8.8 au 10.9 zimechomwa na kupozwa kwa haraka ili ziwe imara, na uimara huo ndio tusioutaka. Isiyo na alama mara nyingi ni laini, lakini ipime kwanza. Nondo za mviringo mtupu ni nzuri. Zile zenye mbavu ni za kubahatisha, kwa kuwa nyingi hupozwa kwa maji kiwandani na ngozi yake ya nje inakuwa ngumu kuliko moyo wake. Bisibisi, springi, msumeno, bledi na keekee zisikukaribie. Chuma cha kumimina, kama cha mwili wa cherehani ya zamani, kinafanya kazi lakini hakipitishi usumaku mwingi kama chuma laini, na ukikigonga vibaya kinavunjika. Kama hamna kingine, kitumie.

Kupima hakuhitaji maabara. Pitisha tupa: chuma laini kinalika, kigumu kinaifanya tupa iteleze. Mwenye grenda atazame cheche. Chuma chenye kaboni kidogo kinatoa mistari mirefu iliyonyooka, isiyopasuka sana. Chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka kuwa vinyota vingi. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, ni kile kinachouliza swali lenyewe. Kisugue chuma kwa sumaku kuelekea upande mmoja mara kadhaa, kisha kichovye kwenye rundo la pini au vumbi la tupa. Kikitoka na ndevu nyingi, kirudishe dukani. Ukilinganisha vipande viwili hakikisha vina urefu na unene unaokaribiana, kwa sababu kipande kirefu chembamba hubaki na usumaku zaidi hata kikiwa cha chuma kile kile.

Kuna bidhaa moja dukani ambayo karibu hakuna anayeitazama kama malighafi ya sumaku: waya wa kufungia nondo, ule mweusi ambao mafundi ujenzi huuita bainding waya. Waya huo lazima ukubali kukunjwa kwa koleo bila kukatika, kwa hiyo kiwandani huchomwa na kupozwa taratibu mpaka ulegee. Yaani kazi ya kulainisha chuma, ambayo wewe ungeifanya kwa shida nyumbani, imekwisha kufanywa, na bei yake imo ndani ya kilo moja ya waya. Wajenzi wa koili za kurusha cheche katika karne ya 19 walitumia viini vya mafungu ya waya wa chuma laini, wala si kwa sababu ya umaskini. Fungu la waya lina faida ambayo kipande kizima hakina: mkondo unapobadilika, chuma kizima hujitengenezea mikondo ya mzunguko ndani yake, mikondo inayokichemsha na kuchelewesha usumaku kuja na kuondoka. Ukikigawa chuma kuwa nyuzi, mikondo hiyo inakosa nafasi ya kuzunguka.

Kata vipande vya sentimita 10 hivi, vinyooshe kwa kuvibiringisha kati ya mbao mbili, uvikusanye mpaka upate fungu mfano wa ufagio mdogo wa chelewa, unene wa kidole gumba. Lifunge kwa uzi likaze, kisha lizungushie karatasi au tepu ya umeme. Ncha zisawazishe kwa tupa mpaka ziwe uso mmoja. Usiukwangue weusi ulio ubavuni mwa waya. Ni ngozi ya oksaidi, na inasaidia kutenganisha uzi na uzi. Hasara ya fungu ni mianya ya hewa kati ya nyuzi. Fungu lililofungwa kwa mkono lina chuma halisi kama robo tatu ya ukubwa wake, hivyo lifanye nene kidogo kuliko nondo ambayo ungeitumia.

Kama umepata nondo au misumari na unataka ilainike, kuchoma kunasaidia sana. Hata msumari wa kawaida umevutwa ukiwa baridi kiwandani, na kuvutwa huko kumeupa ukaidi. Utahitaji jiko la mkaa lenye upepo wa mfuo au feni. Chuma kinapopita nyuzi 770 za Selsiasi kinaacha kabisa kuvutwa na sumaku, na hicho ndicho kipimajoto chako: funga kipande cha sumaku kuukuu kwenye waya mrefu, kisogeze haraka kwenye chuma chekundu, na kama hakishiki umevuka mpaka. Ongeza moto kidogo, chuma kiwe chekundu kinachong'aa, kiache hivyo dakika kadhaa, halafu kizike kwenye majivu makavu mengi na ukakitoe kesho yake. Usikichovye kwenye maji kwa haraka ya kukishika. Ukikichovya utakuwa umefanya kinyume cha ulichokusudia, hasa kama kina kaboni.

Misumari ya bati na chochote kilichopakwa zinki kisiingie motoni. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo. Ipo hatari nyingine ya mkaa wenyewe, ambao gesi yake inaua bila harufu, hivyo kazi hii ifanyiwe nje. Kwa darasa la watoto tumia bainding waya na moto uache.

Sasa tuje kwenye zile namba zinazowachanganya watu. Vitabu vinataja permiabiliti, yaani chuma kinauzidisha usumaku wa koili mara ngapi kuliko hewa tupu. Chuma cha kaboni kidogo kinaweza kuwa na mamia hadi elfu moja au mbili, chuma chenye silikoni kinapita elfu kadhaa, na chuma safi kilichopikwa kwenye haidrojeni kinafika laki na zaidi. Msomaji akiona orodha hiyo anatamani cha mwisho. Asijisumbue. Kama kiini chake ni fimbo iliyonyooka, ncha mbili wazi, usumaku unaotoka ncha moja lazima urudi ncha nyingine kupitia hewani, na safari hiyo ya hewani ndiyo inayopanga kila kitu. Kwa fimbo yenye urefu mara 10 ya unene wake, chuma cha permiabiliti 1,000 kinakupa ongezeko la karibu mara 50. Ukibadilisha ukaweka cha 10,000, unabaki pale pale karibu na 50. Tofauti haifiki sehemu moja ya kumi. Hata chuma duni cha 100 kinakupa kati ya 30 na 40.

Umbo ndilo linalobadilisha mambo. Refusha fimbo iwe mara 25 ya unene na ongezeko linapanda kufikia karibu 200, kwa chuma kile kile. Afadhali zaidi, achana na fimbo. Pinda nondo ya mviringo ya milimita 12 iwe U, ncha zote mbili zitazame upande mmoja, ili mzigo wenyewe uwe daraja kati ya ncha na ncha. Kuipinda kunahitaji moto, na ukimaliza iache kwenye majivu. Umepinda na kulainisha kwa mkaa ule ule.

Hesabu ya U hiyo inafundisha kuliko maelezo. Nguvu ya kushika hutegemea mraba wa msongamano wa usumaku kwenye uso wa ncha: kwa tesla 1, kila sentimita moja ya mraba inashika kama kilo 4. Ncha mbili za nondo ya milimita 12 zina zaidi kidogo ya sentimita 2 za mraba kwa pamoja, hivyo tunazungumzia kilo 9. Chukua njia ya chuma ya milimita 200 yenye permiabiliti 1,000. Kwa usumaku hiyo ni sawa na milimita 0.2 tu za hewa. Kama kila uso una mwanya wa milimita 0.1, jumla ni 0.4, na mizunguko ya waya ukizidisha kwa ampia inatakiwa ifike kama 320 kupata hiyo tesla 1. Sasa weka rangi, kutu au kona isiyokaa sawa, mwanya uwe nusu milimita kila upande. Jumla inakuwa 1.2, mara tatu ya mwanzo. Usumaku unashuka kuwa theluthi, na nguvu, kwa kuwa ni mraba, inashuka kuwa sehemu moja ya tisa. Kilo 9 zimekuwa kilo 1, na chuma hakijabadilika hata chembe.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chuma bora, chukua msasa, uulaze juu ya kioo, na uzisugue ncha zote mbili kwa pamoja mpaka zilale kwenye uso mmoja. Fanya hivyo hivyo kwa bamba litakalonyanyuliwa. Saa moja ya msasa inaishinda pesa ya chuma cha kuagiza.

Kikomo kingine ni kushiba. Chuma kinafika mahali ambapo ukiongeza mkondo hupati kitu zaidi ya joto. Chuma safi hushiba karibu na tesla 2.1 na kile chenye silikoni karibu na 2. Cha kawaida huanza kuchoka kwenye 1.5 au kupita hapo. Feraiti, ile fimbo nyeusi ya antena ndani ya redio, inashiba kati ya 0.3 na 0.5. Watu huipenda kwa sababu imetoka kwenye kifaa cha elektroniki na inaonekana ya kitaalamu. Kwa masafa ya redio ni stadi, maana haipitishi umeme kirahisi na mikondo ya mzunguko haipati njia. Kwa kunyanyua mzigo kwa betri haifai: linganisha 0.4 na 1.5, piga mraba, na utaona kwamba kwa uso ule ule chuma kinashika zaidi ya mara kumi. Tena ikianguka sakafuni inakatika vipande.

Stenlesi inawakosesha wengi. Vijiko na sufuria nyingi ni za aina ya 304, ambayo haivutwi, au inavutwa kidogo pale ilipokunjwa tu. Aina ya 430 inavutwa na inaweza kuwa kiini, ila sioni sababu ya kuinunua kwa kazi hii. Shaba na alumini si viini. Bomba lake laweza kuwa gamba la kuzungushia waya, basi.

Hazina halisi ya mtaani ni transfoma iliyoungua. Stebilaiza mbovu, chaja nzito za zamani na choki za taa za tyubu zina mabamba membamba ya chuma chenye silikoni, unene wa kama nusu milimita au chini ya hapo, kila bamba limepakwa kitu cha kulitenga na jirani yake. Yakiwa ya umbo la E, yapange yote upande mmoja, weka koili kwenye mguu wa katikati, na nyuso tatu zilizo wazi zinakuwa ncha za sumaku yenye mshiko wa ajabu kwa ukubwa wake. Yafunge kwa gundi au bolti kabla ya kusawazisha nyuso kwa tupa, na usiyagonge wala kuyapinda, kwa sababu kila kipigo kinaongeza ukaidi. Maikrowevu usiifungue ili kutoa transfoma yake kama hujui unachokifanya: kapasita ya ndani yake inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Mabamba hayo, au fungu la waya, ndiyo ya kuchagua pia kama sumaku yako itatumia mkondo geu. Kiini kizima kwenye mkondo geu kinachemka chenyewe. Na mkondo geu huo utoke kwenye transfoma ya kushusha, volti 12 au chini yake. Koili ya nyumbani haiunganishwi kwenye soketi ya ukutani kwa namna yoyote.

Umechagua chuma laini, umefunga njia, umesugua nyuso, na bado bamba linanata baada ya kuzima. Hilo si kosa la chuma. Njia ikifungwa vizuri hivyo, usumaku kidogo uliobaki unazunguka bila kupita hewani na hauna sababu ya kufa. Watengenezaji wa rilei wanalijua hili, ndiyo maana huacha mwanya mdogo usio wa chuma kati ya kiini na ulimi wake. Gundisha karatasi moja kwenye ncha, au kipande chembamba cha shaba. Utapoteza nguvu kiasi na utapata utii. Kwa kengele au rilei ni biashara nzuri; kwa sumaku ya kushikilia mlango, labda karatasi usiiweke.

Kuhusu waya nitasema machache. Joseph Henry, kule Albany, Marekani, aliufunika waya wenyewe kwa hariri badala ya kupaka kiini vanishi kama Sturgeon, akaweza kupanga mizunguko tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku aliyokitengenezea chuo cha Yale ikashika zaidi ya kilo 900. Leo waya wa shaba wenye vanishi unapatikana kwa mafundi wanaowaindi mota. Mizunguko 300 ya waya wa milimita 0.5 juu ya nondo yetu itakula kama mita 14, ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 1. Betri mbili za tochi zinatosha kwa majaribio mafupi. Betri ya pikipiki ya volti 12 itasukuma karibu ampia 10, zaidi ya wati 100 ndani ya koili inayoenea kiganjani, na vanishi itaanza kunuka kabla hujamaliza kuonyesha watu. Ongeza mizunguko au weka balbu ya gari kwenye mfululizo.

Koili yenye kiini kizuri hailali kimya unapoikata. Usumaku ukianguka ghafla unazalisha volti kubwa inayoruka kwenye swichi, na aliyeshika ncha za waya kwa vidole ataisikia. Weka diodi, kama 1N4007, kukingama koili, mstari wake ukielekea upande chanya. Itameza cheche, lakini pia itaendeleza mkondo kwa muda mfupi baada ya kuzima, hivyo mzigo utachelewa kidogo kudondoka. Ukitaka kuachia kuwe kwa haraka zaidi, funga rezista ya omu 10 hadi 20 kwenye mfululizo na diodi hiyo.